Mwalimu Hakunywa Chai

"Ni mimi niliyemuua Ludovick. Msihangaike kumtafuta mtu mwingine."

Hapo ndipo tulipomwacha Evelina wiki iliyopita: amesimama katikati ya turubai la msiba kule Makutupora, kanga imemwanguka begani, mumewe yuko mochwari na Krismasi ina siku moja tu tangu ipite.

Mwanamke aliyekuwa akisonga ugali wa waombolezaji aliacha mwiko umesimama sufuriani. Mtoto mmoja, puto la sikukuu bado limefungwa mkononi, alianza kulia bila kujua analilia nini.

"Muuaji!"

Ilikuwa sauti ya Batholomeo, mdogo wake marehemu. Aliruka mabenchi mawili kwa mpigo, mkononi ana mchi wa kinu. "Umemuua kaka yangu, halafu unakaa hapa unalia na sisi?"

Inspekta Loisi Ndahani, ambaye ninyi mnaomfuata tangu mkasa wa mlinda reli wa Kikombo mnamjua kwa kutokurupuka, safari hii alikurupuka. Alimshika Evelina mkono, akamvutia ndani ya nyumba. Nyuma yake Koplo Khamisi alimdaka Batholomeo kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye matope, mchi ukaenda zake.

Mlango ukafungwa. Nje ndugu wa marehemu walipaza sauti: "Hatatia mchanga! Huyo mwanamke hakanyagi kaburini!"

Loisi alisimama akishusha pumzi. Kwa haki alitakiwa kuwa Mvumi kwa mama yake, ambaye kwa mwaka wa sita mfululizo alikuwa amefunga jogoo mguu akimsubiri binti aje ale naye sikukuu. Badala yake, asubuhi ya Krismasi aliitwa kanisani Makutupora, akamkuta Mwalimu Ludovick Chedego amelala chali mbele ya madhabahu, joho la kwaya limemsokota miguuni, mapovu mdomoni. Alikuwa ameanguka katikati ya wimbo wa tatu, mikono juu, akiimbisha. Watu mia nne walimwona akianguka. Hakuna hata mmoja aliyeona alivyouawa.

"Kaa, Mama Fredy."

Evelina alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Umesema umemuua. Kwa kitu gani?"

"Dawa. Ile ya kunyunyizia mizabibu."

"Uliitia kwenye nini?"

"Chai. Ya asubuhi, kabla hatujaenda kanisani."

"Alikunywa vikombe vingapi?"

"Kimoja. Viwili."

"Kimoja au viwili?"

"Viwili, Afande. Nimeshasema nimemuua, unataka nini tena? Nifunge."

Loisi alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Khamisi alikuwa ameileta kutoka mjini saa moja tu iliyopita. Ilikuwa ya Daktari Dilnaz, aliyeufanyia uchunguzi mwili wa Mwalimu siku ile ile ya Krismasi, wenzake wote wakiwa likizo.

"Hapa daktari anasema tumbo la marehemu lilikuwa tupu," Loisi alisema taratibu. "Hakuna chai, hakuna andazi, hakuna hata maji. Sumu ameiona midomoni na kwenye ulimi. Basi."

Evelina aliitazama karatasi, akaangalia pembeni.

"Umeishi na Mwalimu miaka mingapi?"

"Ishirini na saba."

"Kwa miaka yote hiyo, umewahi kumwona anaweka kitu mdomoni kabla ya kupokea Meza ya Bwana?"

Makutupora nzima ilijua kwamba Mwalimu Ludovick hakugusa hata tone la maji kabla ya ibada ya komunyo. Mkewe alikuwa ametunga uongo kwa haraka mno, akasahau kitu alichokijua kuliko mtu yeyote duniani.

"Mumeo hakunywa chai, Mama Fredy. Sasa niambie. Unamficha nani?"

Mlango uligongwa mara moja, ukafunguliwa kabla hawajaitikia. Lea aliingia, binti wa marehemu, miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa chuo cha ualimu aliyekuja likizo. Kifua kilipomsumbua baba yake mwezi mzima wa Desemba, yeye ndiye aliyeifundisha kwaya. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Mama anadanganya," alisema. "Chupa ya dawa nilikuwa nayo mimi."

"Lea, nyamaza!" Evelina aliinuka kama aliyechomwa na moto. "Afande, usimsikilize. Mtoto huyu amechanganyikiwa na msiba."

"Mwache aseme."

"Hana la kusema!" Evelina alijisogeza akasimama kati yao, mikono ameitandaza kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. Kisha mikono ikashuka. Alirudi kitandani, akazungumza huku anaangalia sakafu. "Nilimwona. Alfajiri ya Krismasi. Alikuwa anatoka humu ndani na ile chupa, ameificha kwenye kitenge, ananyata. Saa nne baadaye baba yake akaanguka. Ningefanyaje, Afande? Nimezaa watoto wawili. Mmoja nimeshamzika."

Loisi alimgeukia binti. "Ulikuwa unaipeleka wapi?"

"Chooni. Niliimwaga yote shimoni, nikaitupa na chupa yenyewe. Mkitaka kufukua, fukueni."

"Uliitoa wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu jana Lea alimtazama mama yake usoni.

"Chini ya kitanda hiki. Ndani ya sanduku la nguo za Fredy."

Ee, msomaji! Chumba kile kilikuwa kidogo, lakini wakati ule kilizidi kuwa kidogo.

Fredy alikuwa kaka yake Lea. Mwalimu Ludovick alimfukuza nyumbani kwa sababu alikuwa anapiga gitaa kwenye baa za mjini, mambo ambayo mzee yule wa nyimbo za ibada hakuyataka chini ya paa lake. Kijana akaenda Mererani kuchimba madini. Mwaka jana, wiki ya Krismasi, alirudishwa ndani ya sanduku. Shimo lilikuwa limemfukia.

"Niliiona wiki mbili zilizopita," Lea aliendelea. "Kila siku ukienda kisimani nilikuwa naingia kuangalia kama imepungua. Nilijua si ya mizabibu. Wewe shambani hujakanyaga tangu Fredy afariki. Nilijua ni ya kwako mama, unataka kuinywa mwenyewe. Na nilijua unaisubiri Krismasi ifike."

Evelina alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na baba yako alipoanguka?"

Lea alianza kulia. "Nilidhani umepata nyingine. Nilidhani umeona ni heri aanze yeye."

Usiku kucha mama na binti walikuwa wamelala mkeka mmoja, migongo inagusana, kila mmoja anaamini mwenzake ndiye muuaji, kila mmoja anatafuta namna ya kumwokoa. Sasa walikamatana pale kitandani, wakalia kwa sauti ambayo nje iliwanyamazisha hata wale waliokuwa wakitukana.

Loisi aliwapa mgongo. Miaka kumi na minne ya upelelezi ilimfundisha kuwatazama maiti bila kupepesa, lakini hili alishindwa kulitazama.

Mlango uligongwa tena, safari hii kwa adabu.

"Hodi humo. Binti yangu Loisi?"

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa Mzee Elisante, mzee wa kanisa, kofia ameishika kifuani. Miaka thelathini iliyopita ndiye aliyemfundisha Loisi shule ya Jumapili. Siku hizi, biashara zilipofunguliwa na kila mtu akajitafutia lake, alikuwa wakala wa kampuni iliyotaka kununua mashamba ya zabibu ya kijiji. Hata hivyo, utajiri haukumwondolea upole. Tangu msiba uanze pikapu yake haikupumzika: ilibeba maji, kuni, na sasa ilikuwa imetoka kuleta jeneza na mwili kutoka mochwari.

"Mawingu hayo yamekuwa mabaya," alisema. "Mchungaji ameamua tuzike saa nane badala ya saa tisa. Jeneza limeshafika makaburini, na Land Rover yenu ililisindikiza, imebaki huko huko. Kwaya wanamsubiri huyu mtoto awaimbishe." Alimwekea Lea mkono kichwani. "Pole, mama. Jikaze. Baba yako angependa."

"Na mama?" Lea aliuliza.

Mzee alitikisa kichwa. "Ndugu hawataki hata kumsikia."

"Nitazungumza nao baada ya maziko," Loisi alisema. "Kwa sasa hawana masikio. Nenda, Lea. Mama yako nitabaki naye mimi."

Lea alijipangusa machozi, akavaa joho jeupe la kwaya juu ya nguo zake za msiba, akatoka na mzee. Loisi aliwasikia akina mama wakianza wimbo wa Kigogo, umati ukaanza kujivuta kuelekea makaburini. Evelina alisimama dirishani akawatazama mpaka wa mwisho akapotelea nyuma ya mizabibu. Walikuwa wanakwenda kumzika mumewe, naye amefungiwa ndani kama mbuzi mharibifu.

Khamisi aliingia, matope mpaka masikioni.

"Afande, kama siyo mama na siyo binti, tumerudi pale pale tulipoanzia."

"Hapana. Tumesogea. Sumu ilikuwa midomoni, Khamisi, siyo tumboni." Loisi alivuta kigoda, akaketi mbele ya mjane. "Mama Fredy, nisaidie. Jana asubuhi, tangu mumeo aamke mpaka anaanguka, ni kitu gani kiligusa mdomo wake? Chochote. Usiache hata kidogo."

"Aliamka. Akasukutua."

"Kwa maji gani?"

"Ya mtungi. Sote tulisukutua na yale."

"Halafu?"

"Akavaa. Tukaenda kanisani kwa miguu. Njiani alikuwa anaimba sauti ya pili peke yake, anajaribu kifua. Alisema amepata nafuu, ataimbisha mwenyewe, Krismasi haimpiti." Evelina alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka, tabasamu likafa. "Komunyo hata hakuiwahi. Alianguka kabla."

"Mlangoni mwa kanisa? Alisalimiana na nani? Alipewa nini?"

"Alipewa zawadi yake. Ile filimbi."

"Filimbi gani?"

"Ya kutolea sauti, Afande. Ile ndogo ya duara wanayopuliza walimu wa kwaya ili waimbaji wapate noti. Ya kwake ilishapotea siku nyingi. Sasa jana akapata nyingine mpya, imefungwa kwenye karatasi ya Krismasi ya kumetameta, na kadi. Alifurahi kama mtoto mdogo. Akaitumia pale pale."

Loisi aliinuka kwenye kigoda.

"Aliipuliza mara ngapi?"

"Kila wimbo mara moja. Wimbo wa kwanza, wa pili…" Evelina alikuwa ameona kitu kile kile alichokiona Loisi.

"Wa tatu," Loisi akamalizia. "Iko wapi hiyo filimbi?"

"Batholomeo aliiokota kanisani. Aliniambia jana jioni, kabla hajaanza kunichukia. Alisema ataitunza." Macho ya mjane yakamtoka. "Alisema atampa Lea aimbishie makaburini. Iwe kumbukumbu ya baba yake."

Loisi hakujua alitokaje nje; Khamisi alimfungia mjane mlango kwa ufunguo.

"Khamisi, gari!"

"Liko makaburini, Afande!"

Kwa barabara ilikuwa zaidi ya kilomita mbili, maana ilizunguka shamba lote la kijiji. Kwa kukata katikati ya mizabibu haikufika hata moja. Loisi alivua viatu, akavitupa, akajitosa shambani.

Mvua ya jana ilikuwa imeugeuza ule udongo mwekundu kuwa uji. Mguu mmoja ukizama, wa pili unateleza. Mistari ya mizabibu ilisimama mbele yake kama kuta, waya kwa waya, na kila alipofika kwenye waya aliinama, akapita chini, akainuka, akakimbia. Vishada vya zabibu mbichi vilimpiga usoni. Nyuma alisikia Khamisi akianguka na kusema, "Laa ilaha!" kisha akiinuka tena.

Mbele yao sauti zilikuwa zinaimba. Loisi alisimama ghafla.

"Wameanza!"

"Hao ni wakina mama, Afande!" Khamisi alihema. "Kwaya bado! Sikiliza, hakuna sauti za kiume!"

Akakimbia tena. Akina mama walimaliza. Kupitia mstari wa mwisho wa mizabibu aliona majoho meupe yamejipanga kando ya shimo, mchungaji na kitabu chake, watu wengi, na mbele ya kwaya binti mmoja mwembamba ananyanyua mkono. Kitu kidogo kiling'aa kati ya vidole vyake. Kikapanda kuelekea mdomoni.

Loisi hakuwa na pumzi ya kuita. Alipita katikati ya watu kama ng'ombe aliyekata kamba. Mzee mmoja alikwenda chini. Kofi la Loisi lilimpata Lea kwenye kifundo cha mkono wakati midomo ya binti imeshafunguka.

Filimbi iliruka, ikaanguka kwenye udongo wa kaburi.

"Imekugusa?" Loisi alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku. "Lea! Midomo yako, imekugusa?"

"Hapana… hapana, Afande. Kuna nini?"

Kelele zililipuka. Askari wa kike, miguu peku, matope mpaka kiunoni, anampiga mfiwa mbele ya jeneza! Mchungaji alikuwa anasema, "Jamani, jamani," na hakuna aliyemsikia.

Batholomeo alikuwa wa kwanza kufika. Aliinama, akaiokota filimbi.

"Hiki ni kitu cha kaka yangu!" alifoka. "Mmeshindwa kumkamata aliyemuua, sasa mnakuja kutupa vitu vyake matopeni? Kwaya itaimba! Kama mtoto amezuiwa, noti nitatoa mimi!"

Aliifuta kwenye suruali, akaipeleka mdomoni.

"Batho, usiipulize!"

Sauti ile ilitoka katikati ya kwaya, kali kuliko wimbo wowote uliowahi kuimbwa pale. Batholomeo aliganda. Watu wote wakageuka.

Alikuwa Elieth. Ninyi mnamkumbuka: mshonaji, mwimbaji wa sauti ya kwanza, mchumba wa Batholomeo, ndoa yao baada ya Pasaka. Alikuwa ameshatoka kwenye mstari, mkono mmoja mbele, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyejisikia mwenyewe akisema jambo ambalo haliwezi kurudishwa.

Loisi aliichukua filimbi kwa leso kutoka mkononi mwa Batholomeo, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakufanya haraka.

"Asipulize kwa nini, dada?" aliuliza.

Elieth alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi sijasema kitu. Sijamwambia mtu hata mmoja hapa kwa nini nimeiangusha ile filimbi. Wewe umejuaje?"

Batholomeo alimwangalia mchumba wake, kisha mikono yake mwenyewe, kisha akaanza kuipangusa mikono ile kwenye shati, anapangusa, anapangusa.

"Elieth?" alisema. "Elieth, wewe?"

Lea aliyumba ukingoni mwa kaburi. Angeanguka shimoni juu ya jeneza la baba yake kama mtu hajamdaka. Aliyemdaka ni Mzee Elisante.

"Mpeni nafasi mtoto apumue," alisema yule mzee. Alimgeukia Loisi, macho yamejaa machozi. "Binti yangu, naona sasa ukweli umejulikana. Mjane hana kosa. Niruhusu nimpeleke huyu nyumbani na pikapu, nimchukue na mama yake, waje wote wawili kutia mchanga. Mchungaji atatusubiri. Si vizuri Ludovick azikwe bila mkewe."

Loisi alitaka kumkumbatia. Katika siku mbili za laana zile, hilo lilikuwa neno la kwanza la kibinadamu alilolisikia. Aliwatazama ndugu wa marehemu, hakuna aliyethubutu kupinga. Yeye mwenyewe alimshika Lea mkono mpaka kwenye pikapu, akamfungulia mlango, akamkalisha.

"Mwambie mama asamehe," alimwambia. "Mwambie nimesema aje."

Pikapu ikaondoka taratibu. Loisi alirudi kwa Elieth, ambaye Khamisi alikuwa amemsimamisha nyuma ya Land Rover.

"Sasa," alisema. "Uliipaka sumu mwenyewe?"

"Sikupaka, Afande! Naapa mbele ya Mungu na mbele ya lile jeneza. Nilipewa imeshafungwa. Niliambiwa ni zawadi ya Krismasi. Sikujua kama ina kitu mpaka Mwalimu alipoanguka."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Aliyenipa alinijia jioni. Aliniambia, umeitoa kwa mkono wako, kanisa zima limekuona, ukifungua mdomo utanyongwa wewe na Batholomeo wako."

"Leo umemwona Lea ameishika. Umemwona anaipeleka mdomoni."

Elieth aliinamisha kichwa.

"Nilitaka kupiga kelele," alinong'ona. "Sauti haikutoka."

"Kwa Batholomeo ilitoka."

Machozi yalimdondokea Elieth juu ya joho, na Loisi, aliyekuwa amekwisha kumchukia, alishindwa kumchukia sawasawa. Msichana alikuwa na miaka ishirini na minne na uso wa mtu aliyejiona ndani yake mpaka chini.

"Haya. Kadi iliandikwaje?"

"Kwa Mwalimu wetu, Noeli njema. Hivyo tu." Elieth alivuta kamasi. "Na hapo ndipo mkosi ulipoingia, Afande. Haikuwa ya Mwalimu Ludovick."

"Unasemaje?"

"Niliambiwa nimpe Mwalimu Lea. Kwaya wote siku hizi tunamwita hivyo, yeye ndiye aliyetufundisha mwezi mzima, na yeye ndiye aliyekuwa aimbishe jana. Nilikuwa nimesimama mlangoni namsubiri. Mara Mwalimu mzee akatokea, akaona karatasi inang'aa, akasoma kadi. Akacheka kwa furaha, akasema, jamani, hamkunisahau! Akaifungua. Ningemwambiaje kwamba siyo yake?"

Loisi na Khamisi walitazamana. Siku mbili! Siku mbili nzima walikuwa wanauliza nani alimchukia Ludovick Chedego, nani aligombana naye, nani angefaidika na kifo chake. Hakuna aliyemchukia. Mzee wa watu alikufa kwa sababu alifurahia zawadi ya mtu mwingine.

Aliyetakiwa kufa alikuwa binti yake. Na leo tena, kidogo tu afe.

"Nani alikupa kile kifurushi?"

Elieth aliangaza macho kwa hofu, akautafuta umati, uso kwa uso. Alipotosheka kwamba mtu yule hayupo, ndipo aliposema.

"Mzee Elisante."

Kwa muda Loisi hakuelewa maneno yale. Aliyasikia kama mtu anayesikia lugha ya ugenini. Kisha akaona mkono wake mwenyewe ukimfungulia Lea mlango wa pikapu. Kwa nini mzee alimtaka Lea afe, hilo lingesubiri.

"Khamisi," alisema. "Washa gari."

Walifika barabarani kwa pumzi moja. Matope mabichi hayafichi kitu: nyayo za magurudumu ya pikapu zilitoka makaburini, zikafika njia panda. Kushoto ni kijijini, nyumbani kwa marehemu. Nyayo hazikugusa kushoto. Zilikata kulia, zikashika barabara ya Kondoa, na huko mbele mvua ilikuwa imeshafunga pazia, huoni hata mita hamsini.

"Twende, Afande!" Khamisi alipiga kelele. "Dakika kumi tu, hajafika mbali!"

Loisi, aliyeshuka kutazama nyayo, alikuwa anapanda tena wakati mizabibu ilipochezacheza kando ya barabara. Mtu alitoka kati ya waya, kanga imechanika, mikono inavuja damu. Alikuwa Evelina. Alikuwa amevunja dirisha, akaja kwa miguu kumzika mumewe, wapende wasipende.

Alimwangalia Inspekta. Akaliangalia gari, viti vya nyuma vitupu. Akageuka akawaangalia waombolezaji kule makaburini, majoho meupe moja baada ya jingine, mpaka yakaisha.

"Afande," alisema. "Lea yuko wapi?"